Kabla Hujapanda Basi la Mbeya, Ijue Bima Yako

Mgonjwa wa Katavi ambaye tatizo lake limezidi uwezo wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Mpanda, mara nyingi huandikiwa rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ni safari ya zaidi ya kilomita 500 kupitia Sumbawanga na Tunduma. Nauli, chakula cha njiani na gesti ya ndugu anayemsindikiza hutoka mfukoni mwake, awe na bima au asiwe nayo. Mtu wa Dar es Salaam kadi yake ikikataliwa hospitali moja hupanda daladala akajaribu nyingine. Mtu wa Mpanda ikikataliwa Mbeya amekwama ugenini na mgonjwa wake, na fedha ya mavuno imeishia kwenye basi. Huku kwetu, kuijua bima kabla ya kuumwa ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Kadi zinazozunguka mkoani hazifanani. Mwalimu wa Inyonga au muuguzi wa Usevya aliyeajiriwa serikalini yuko kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001. Mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara, nusu anakatwa yeye na nusu anatoa mwajiri. Mkulima wa mahindi wa Mwese, kama alikuwa na bima, kwa kawaida ilikuwa ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ambao ulipoboreshwa mwaka 2018 uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Mkulima wa tumbaku aliye kwenye chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, huenda aliandikishwa Ushirika Afya, mpango wa NHIF kwa wanaushirika. Halafu Novemba 2, 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na mipango ya zamani inapangwa upya chini yake. Kwa hiyo aliyekuwa na kadi miaka miwili iliyopita asidhani kitita chake cha mafao bado ni kilekile.

Mpaka wa kadi unaotuumiza zaidi ni wa ngazi ya hospitali. CHF iliyoboreshwa iliundwa imhudumie mtu kuanzia zahanati ya kijiji hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, basi. Mwenye kadi ya namna hiyo akiandikiwa Mbeya au Muhimbili anakwenda kama mlipaji wa fedha taslimu, hata kama barua yake ya rufaa ina mihuri yote. Hili ndilo jambo ambalo familia nyingi hulijua zikiwa tayari dirishani, na naliona kuwa ni kosa letu sisi tunaoandikisha watu: tunataja bei ya kadi kwa sauti kubwa, mwisho wa kadi tunaunyamazia.

Kadi ya NHIF inavuka mkoa, lakini nayo inataka ngazi zifuatwe. Anayeondoka Majimoto na kwenda moja kwa moja hospitali ya kanda kwa sababu binamu yake anamjua daktari huko, anaweza kuambiwa arudi akaanzie chini. Barua ya rufaa ndiyo inayomfungulia mlango, kwa hiyo isomwe kabla haijaingia kwenye mfuko wa nailoni. Jina liwe lilelile lililo kwenye kadi. Muhuri, sahihi na jina la daktari vionekane. Kliniki anayopelekwa itajwe. Na mgonjwa aulize bila woga, "Daktari, huyo bingwa anaona wagonjwa siku gani?" Swali hilo moja linaweza kumwondolea siku kadhaa za kulala gesti akisubiri kliniki ya wiki inayofuata.

Dharura haimo katika mpangilio huu. Mjamzito anayetokwa damu, mtoto aliyepoteza fahamu, mtu aliyepata ajali ya bodaboda barabara ya Sitalike: hawa wapelekwe kituo cha karibu mara moja, na habari za kadi zishughulikiwe na ndugu mwingine wakati mgonjwa anahudumiwa. Asitokee mtu akafa nyumbani kwa sababu kadi ilikuwa inatafutwa kabatini.

Baada ya ngazi huja suala la nani ameandikwa. Katika NHIF, mtumishi huandikisha mwenza na wategemezi wasiozidi wanne. CHF nayo ilihesabu watu sita. Sasa Katavi ni mkoa wa kaya kubwa; sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya watu milioni 1.15, zaidi kidogo ya mara mbili ya hesabu ya 2012, na nyumba yenye watu kumi haimshangazi mtu wa Mpimbwe wala wa wilaya ya Tanganyika. Wanaobaki nje ya kadi ni akina nani? Mara nyingi ni bibi, mtoto wa marehemu dada, au mke wa pili. Baba mwenye nyumba awaambie waziwazi, ili aliyebaki nje atafutiwe njia yake mapema. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza wana msamaha wa gharama katika vituo vya umma kwa sera ya Serikali. Dawa za kifua kikuu na za kufubaza VVU hutolewa bure pia. Hata hivyo mzee asiyejiweza anatakiwa atambuliwe na kuwa na kitambulisho. Kupita tu mapokezini na mvi hakumtoshi.

Kumwazima ndugu kadi kwa huruma ni udanganyifu mbele ya sheria, hata kama moyo ulikuwa mwema.

Kuna pia kadi ambayo ni nzima kwa macho lakini imefungwa kwenye mfumo. Mwajiri binafsi amekukata mchango na hajauwasilisha, au mwaka wa mchango wa kaya umekwisha mwezi jana. Mwingine jina lake kwenye kitambulisho cha NIDA linatofautiana herufi na la kwenye kadi. Kwa mtumishi wa kampuni ndogo au wa mgodini, hati ya mshahara inayoonyesha makato si ushahidi kwamba fedha zimefika. Ushahidi ni kadi kuhakikiwa na kuonekana hai.

Kuhusu huduma zenyewe, kwa vipimo vikubwa kama MRI na kwa baadhi ya upasuaji, ulizia kibali cha mfuko kabla ya siku ya kipimo. Dawa ikikosekana dirishani, usikimbilie kununua mtaani ukitegemea risiti itarudishiwa fedha. Mwanachama wa NHIF aulize kwanza fomu ya kuchukulia dawa hiyo kwenye duka lenye mkataba na Mfuko.

Mkataba wa hospitali nao hubadilika. Machi 1, 2024, kitita kipya cha NHIF kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali kubwa za binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama kwa kutokubaliana na bei mpya. Wagonjwa wenye kadi hai walijikuta wakitakiwa kulipa taslimu. Anayetumia bima ya kampuni binafsi ana sababu zaidi ya kuuliza, kwa kuwa hospitali zenye mikataba na kampuni hizo nyingi ziko Dar es Salaam na miji mingine mikubwa. Kabla ya kusaini, aonyeshwe kituo cha Mpanda atakakotibiwa mwanawe usiku akipata malaria kali. Kama hakipo, bima hiyo haimfai mkazi wa huku, hata bei iwe ndogo kiasi gani.

Maswali haya yote yana watu wa kuyajibu hapahapa: ofisi ya NHIF ya mkoa, mratibu wa CHF wa halmashauri, na mhudumu wa dirisha la bima hospitalini. Nenda wiki hii ukiwa mzima, na kadi za kaya nzima, namba zenu za NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Omba kila jina lihakikiwe mbele yako, kisha uliza kadi inaishia hospitali ipi.