Maji ya kuoga kwanza, chumba kitasubiri

Katika nyumba nyingi za Uingereza, boila moja hubeba kazi mbili: kupasha maji ya bafuni na kuzungusha maji moto ndani ya rejeta zilizofungwa ukutani. Mara nyingi nguvu yake haitoshi kuzifanya zote kwa pamoja, basi hufungwa vali ya kuchagua upande. Mtu akifungua bomba la maji moto, joto lote huelekezwa huko na rejeta hungoja. Aliyeketi sebuleni hata hajui, maana kuta zilizokwisha kushiba joto hazipoi kwa dakika 10. Hapa Nakuru hatuna rejeta hizo na sioni sababu ya kuzitamani. Kinachofaa kuazimwa ni ule mpangilio wa zamu: maji yatangulie, kwa kuwa nyumba ina subira na anayeoga hana.

Mji huu uko karibu na ikweta, lakini umeinuka mita 1,850 hivi, na ndiyo maana jua la mchana huchoma na alfajiri ya Julai hutetemesha. Baridi yetu ni ya saa chache, na hapo ndipo hesabu inapoanza. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 18 hadi 55 kunahitaji takriban yuniti 4.3 za stima, maji ya kuoga ya watu kadhaa. Hita ya chumba ya kilowati 2 ikiwashwa kwa saa nne hula yuniti 8, na kufikia asubuhi chumba kimerudi kilipokuwa. Hewa haihifadhi joto. Debe moja la maji, lita 20, hubeba joto zaidi ya mara mbili ya hewa yote ya chumba cha kawaida kwa kila nyuzi linapopanda, na tangi lililovikwa vizuri hulitunza hadi kesho. Hewa ya chumba hupanda juu na kupotelea kwenye bati. Mwenye nyumba isiyo na silingi anayenunua hita anajaza gunia lililotoboka.

Ndiyo sababu kanuni za nchi yetu za mwaka 2012 kuhusu maji moto ya sola, zilizolenga majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 kwa siku, ziligusa mahali sahihi zilipotaka jua litoe angalau asilimia 60 ya joto hilo. Watu husema Julai ni mawingu matupu. Ni kweli jua hupungua, ila halikomi: likiyafikisha maji nyuzi 40 tu, stima inabakiwa na kazi ya yuniti 1.7 badala ya 4.3.

Pingamizi zito zaidi linatoka Molo na Mau Narok, ambako usiku huuma kweli na mtoto mchanga au mzee hawezi kuambiwa avumilie. Huko chumba nacho kina haki yake. Hatari ni kuingiza jiko la makaa ndani na kufunga madirisha, kwani hewa ya sumu linayotoa haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Jiko la kuni lenye dohani ni jambo jingine. Hata kuni boosta inayosimama nje, mwenzi wa zamani wa shule na hoteli za nyanda za juu, hupasha maji bila kumtia mtu moshi, na chupa ya maji moto chini ya blanketi humpasha aliyelala kwa gharama ndogo kuliko kupasha chumba kizima.

Kuna watakaouliza: tumekalia mvuke wa volkeno ya Menengai, kwa nini usiletwe majumbani kama Reykjavik? Kwa sababu Reykjavik hununua joto karibu mwaka mzima, na mauzo hayo ndiyo yanayolipia mabomba. Sisi tungelinunua kwa saa chache, kisha mabomba yalale. Shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilipata matumizi yasiyolala: joto la kisima cha Olkaria lilikuwa likiingizwa usiku katika hekta zipatazo 50 za waridi, hasa kukausha unyevu unaoleta kuvu. Bomba la Menengai likifika mjini siku moja, lianzie kwenye dobi za hospitali na majiko ya hoteli, ambako maji moto hutakiwa Januari sawa na Julai.