Simu au kifaa cha GPS: Kipi kimfaacho mwendeshaji bodaboda wa Eastlands?

UKIMTAJIA mwendeshaji bodaboda wa Kayole neno GPS, yamkini atakunja uso. Kwake yeye neno hilo halihusiani na kuonyeshwa njia. Ni kile kidude kilichofichwa ndani ya pikipiki ya mkopo, kinachomwarifu mkopeshaji ilipo saa yoyote ya usiku na mchana, na ambacho malipo yakichelewa huwaelekeza watwaaji hadi mlangoni pa mdaiwa.

Hata hivyo, ni mwendeshaji huyo huyo anayeshinda kutwa akichungulia ramani kwenye rununu aliyoifunga kwa mpira juu ya usukani. Zamani alibeba abiria wa mtaa wake, na njia alizijua kama kiganja cha mkono wake. Siku hizi oda za Glovo, Uber na Bolt humtoa Donholm zikampeleka Huruma, na kutoka Huruma zikamtupa Pipeline, akitafuta mlango wa mteja ambaye hajawahi kumwona.

Ndiposa swali hili husikika vijiweni: je, kuna haja ya kununua kifaa maalumu cha GPS cha pikipiki, au simu yatosha? Si swali la mapambo. Simu inayoibwa au kuharibika humpokonya mwendeshaji oda, wateja na M-Pesa kwa wakati mmoja, na jicho linaloganda kwenye kioo katika barabara ya Outer Ring laweza kumgharimu uhai.

Kwanza tuondoe utata. Kidude cha mkopeshaji, simu na kifaa maalumu vyote husikiliza setilaiti zile zile, zinazozunguka dunia kwa umbali wa zaidi ya kilomita 20,000 kutoka ardhini. Mfumo huo ni wa jeshi la Marekani, na setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Kwa muda mrefu raia walipewa mawimbi yaliyovurugwa makusudi, hata mtu akaweza kuonyeshwa mahali palipo mita mia moja kutoka alipo. Mnamo Mei 2000 Rais Bill Clinton aliagiza mvurugo huo ukomeshwe. Leo Urusi, Ulaya na China zina mifumo yao pia, na simu nyingi husikiliza zaidi ya mmoja.

Neno la kuzingatia hapo ni kusikiliza. Kipokezi cha GPS hakitumi chochote angani. Hupokea mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne, hupima muda ambao kila wimbi limechukua kusafiri, kisha hukokotoa kilipo. Kidude cha mkopeshaji humsaliti mwenye deni kwa sababu kina laini ya simu ndani yake inayopeleka hesabu hiyo kwingine. Ukiondoa laini hiyo, kitabaki kujua kilipo bila kumwambia mtu.

Kutokana na hayo twaona kwamba imani ya wengi, kuwa GPS ya simu haifanyi kazi bila bando, ni potofu. Kupata mahali ulipo hakulipishwi. Bando huliwa na ramani inayopakuliwa kipande kwa kipande unavyosonga, pamoja na habari za msongamano wa magari. Mtandao pia huisaidia simu kuzipata setilaiti upesi. Setilaiti hutangaza ratiba zake polepole mno, herufi chache tu kwa sekunde, kwa hiyo kipokezi kilichozimwa kwa muda mrefu huhitaji nusu dakika au zaidi kuzinasa. Simu yenye mtandao huletewa ratiba hiyo kwa kasi zaidi.

Kwa upande wa kupokea mawimbi, basi, kifaa ghali hakina muujiza. Tofauti kubwa imo katika ramani, na hapa ndipo Eastlands inapokuwa mtihani.

Jiji la Nairobi halina mazoea ya kupeleka barua hadi nyumbani; anwani ya mtu ni sanduku la posta. Mitaa iliyopangwa ina nafuu. Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970, ina awamu zake, koti zake na nambari za nyumba. Dandora, iliyogawanywa viwanja katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia miaka hiyo hiyo, nayo ina awamu zinazojulikana. Lakini ukiingia Umoja Innercore au Pipeline, ghorofa zimesongamana hata mteja hana budi kukuelekeza kwa kinyozi, kwa kioski cha maji na kwa rangi ya ukuta, na ukuta wenyewe pengine umepakwa rangi nyingine mwezi uliopita.

Zaidi ya hayo, majina ya Eastlands huishi kuliko vitu vyenyewe. Jengo la Taj Mall, lililokuwa kwenye makutano ya Outer Ring na North Airport, lilibomolewa Septemba 2018. Jengo halipo, jina lipo. Mgeni anayetafuta jumba la maduka hapo ataambulia vumbi na makondakta wakiita abiria.

Ramani inayomfaa mwendeshaji bodaboda ni ile inayoyajua mambo kama hayo, na ramani ya namna hiyo haichorwi na mtu aliyeketi ng'ambo. Mnamo mwaka 2009 vijana wa Kibera, mtaa uliokuwa kama kiwanja kitupu katika ramani nyingi, waliingia vichochoroni na vipokezi vya GPS mikononi wakachora njia, shule, zahanati na vyoo. Baadaye kazi kama hiyo ilifanywa Mathare. Michoro yao iliingizwa katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, na ambayo ndiyo huzilisha programu za bure kama vile OsmAnd na Organic Maps. Google nayo iliwaletea Wakenya maelekezo mahususi ya pikipiki mwaka 2018.

Hilo la maelekezo ya pikipiki si jambo dogo. Tangu mwaka 2022, barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway inakatiza jiji kutoka Mlolongo hadi Westlands, na bodaboda haziruhusiwi kuipanda. Mwendeshaji anayetumia maelekezo ya magari aweza kupelekwa hadi kwenye lango asiloweza kulipita. Na aliye na ramani iliyonakiliwa kabla ya mwaka huo hataiona barabara hiyo kabisa.

Sasa tukitazame kifaa maalumu. Kampuni mbili zinazofahamika zaidi ni Garmin ya Marekani, yenye vifaa vya aina ya zumo, na TomTom ya Uholanzi, yenye vifaa vya Rider. Vifaa hivi vimeundwa kwa ajili ya pikipiki tangu mwanzo. Havidhuriwi na mvua, havilegezwi na mtikisiko, kioo chake husomeka juani na huitikia kidole kilichovaa glavu. Ramani imo ndani, hivyo havina haja ya bando.

Anayesafiri kwa pikipiki kutoka Nairobi hadi Marsabit, au anayekata jangwa la Chalbi kuelekea Turkana, atakishukuru kifaa kama hicho. Huko mtandao hupotea kwa saa nzima na jua halina huruma. Kuna hata ramani za Tracks4Africa, zinazotengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya wasafiri wa barabara za vumbi, ambazo huwekwa katika vifaa vya Garmin.

Lakini bei! Garmin zumo XT ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2020 iliuzwa karibu dola 500. Kwa viwango vya sasa vya ubadilishanaji wa fedha hizo ni zaidi ya Sh60,000, kabla ya gharama ya kuisafirisha na ushuru. Kwa mtu ambaye bado analipia pikipiki yenyewe kidogo kidogo, kumshauri anunue kifaa cha bei hiyo ni sawa na kumdhihaki.

Kasoro ya pili ni kwamba kifaa hicho pekee hakipokei oda, wala hakifungui mahali alipotumiwa mwendeshaji na mteja kwa WhatsApp. Simu italazimika kuwapo tu. Na ramani yake ni nakala. Isiposasishwa, huzeeka kimyakimya mitaa ikiendelea kubadilika, njia zikizibwa kwa mageti ya wakazi na nyingine zikifunguliwa.

Kwa maoni yangu, basi, kwa kazi ya Eastlands simu imeshinda. Hata hivyo ushindi wake una masharti, kwa kuwa simu haikuumbwa kukaa juu ya usukani.

Jua la Januari huipasha moto hadi ikapunguza mwangaza wa kioo au ikazima. Matone ya mvua huichanganya, ikadhani ni vidole. Mtikisiko nao una madhara yake: Septemba 2021 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja kwamba mitetemo ya injini za pikipiki kubwa yaweza kuharibu kamera za iPhone, ambazo zina sehemu ndogo zinazocheza ili kutuliza picha. Apple iliwashauri hata wenye pikipiki ndogo watumie kishikilia simu chenye mpira wa kupunguza mtikisiko. Tena mashimo yetu yana nguvu za kutosha hata bila injini kubwa.

Kisha kuna wezi, ambao hawahitaji maelezo. Simu inayong'aa kwenye usukani, pikipiki ikiwa imesimama katika msongamano wa Jogoo Road, ni mwaliko.

Suluhisho ninaloliona la busara ni simu ya pili. Namaanisha simu ya bei nafuu, isiyo na laini ya M-Pesa, isiyo na picha za watoto wala namba za wateja, ambayo kazi yake ni ramani pekee. Oktoba 2023 kiwanda kilichoko Athi River kilipozinduliwa, simu za bei ya chini zaidi zilizounganishwa pale zilitangazwa kwa Sh7,499. Fedha za zumo moja zingenunua simu nane za namna hiyo.

Simu ya oda na pesa hubaki mfukoni, ndani ya koti lenye zipu. Ile ya ramani hupakuliwa ramani nzima ya Kenya mara moja, mahali penye mtandao wa bure au bando la usiku, kupitia mojawapo ya programu za ramani huria. Inapohitajika kujua msongamano, simu ya mfukoni huigawia mtandao. Ikiibwa, hasara ni ya maelfu machache, na mwendeshaji atamaliza siku yake ya kazi.

Umeme usimsumbue mtu. Betri ya pikipiki hutoa volti 12 ilhali simu hutaka volti tano hivi, kwa hiyo fundi huweka kati yao kipunguza umeme chenye tundu la USB. Cha msingi ni waya huo upitie swichi ya ufunguo, la sivyo utainyonya betri usiku kucha.

Jambo la macho ndilo zito kuliko yote. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliweka faini ya Sh2,000 kwa dereva anayetumia simu akiendesha chombo, lakini hata faini isingekuwapo hesabu ni rahisi. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Kutazama kioo kwa sekunde mbili ni kupita mita 28 bila kuiona barabara, umbali ambao matatu huhitaji kidogo tu kati yake ili ikuingilie.

Heri kusikiliza. Sauti ya maelekezo ipelekwe katika sikio moja, jingine likibaki huru kusikia honi, na njia itazamwe yote kabla ya kuondoka. Hasa Outer Ring, ambayo tangu ipanuliwe ina ukingo katikati. Ukipitwa na mahali pa kugeuza, programu itakupeleka mbele hadi pengine. Wapo wanaokataa mzunguko huo wakarudi kinyume cha magari. Mita mia chache walizookoa haziwezi kulipa mguu uliovunjika.

Bado kuna mahali ambapo simu na kifaa cha Sh60,000 hushindwa sawasawa. Chini ya anga wazi simu huweza kukosea kwa takriban mita tano. Pipeline, ambako ghorofa zimebanana hadi mchana hugeuka jioni, mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika chini, kosa likaongezeka. Nukta ya buluu huruka kutoka kichochoro hiki hadi cha pili, kwa sababu vichochoro vyenyewe ni vyembamba kuliko kosa. Hapo afadhali kusimama penye uwazi, kumpigia mteja, na kuuliza kwa muuza mboga. Simu hizi za bei nafuu aghalabu hukosa dira ndani, hivyo ukiwa umesimama hazijui umeelekea wapi. Sogea hatua kadhaa ndipo mshale ukae sawa.

Na kabla ya kulipia simu ya ramani, mnunuzi aitoe nje ya duka, aiwashe bila laini wala mtandao, afungue programu iliyokwisha kuwekewa ramani, kisha asubiri chini ya anga. Nukta isipotokea baada ya dakika kumi na tano, airudishe dukani na kuomba nyingine.