Poka: Kati ya nidhamu na hisia za moyoni

Ilikuwa Mei mwaka 2003 mjini Las Vegas, nchini Marekani. Kati ya washindani 839 walioingia katika shindano kuu la dunia la mchezo wa karata wa poka, walikuwa wamesalia wawili tu: Chris Moneymaker, mhasibu wa miaka 27 kutoka jimbo la Tennessee, na Sam Farha, mcheza karata mzoefu mzaliwa wa Lebanon.

Mezani zilifunuliwa karata tano, tatu kati yake za shupaza. Farha alikuwa na jozi ya tisa. Moneymaker hakuwa na kitu. Alikuwa akiingojea shupaza moja tu ikamilishe tano, nayo haikuja. Hata hivyo, alizisukuma sarafu zake zote katikati ya meza.

Farha alitamka kile alichokihisi, kwamba mwenzake ameikosa shupaza aliyoitaraji. Alikuwa amepatia. Lakini baada ya kutafakari, alizitupa karata zake na kujitoa. Muda mfupi baadaye Moneymaker alitangazwa bingwa na kujinyakulia dola milioni 2.5. Kiingilio cha kawaida kilikuwa dola 10,000, lakini yeye alijipatia nafasi hiyo kupitia mchujo wa intaneti uliomgharimu dola 86.

Tangu siku hiyo, wapenzi wa poka hawajaacha kuujadili uamuzi wa Farha. Swali lao linawahusu hata wasiowahi kushika karata: ni wakati gani mtu aifuate kanuni, na ni wakati gani ausikilize moyo wake?

Mchezo usio na mlango wa kutokea

Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1970 na Benny Binion, mmiliki wa ukumbi wa michezo ya kamari mjini Las Vegas. Mwaka 2024 shindano kuu liliwavutia washiriki 10,112, idadi kubwa kuliko zote zilizotangulia.

Katika mtindo wa Texas, ambao ndio unaochezwa zaidi, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Karata nyingine tano hufunuliwa mezani kwa awamu, na ni za wote. Kila awamu mchezaji huamua ama kuweka dau, ama kulipia dau la mwenzake, ama kuliongeza, ama kujitoa.

Kinacholitofautisha shindano na mchezo wa kawaida ni kwamba mtu hawezi kuondoka na faida yake anapotaka. Hulipa kiingilio, hupewa sarafu za plastiki zisizonunua chochote nje ya ukumbi, na hucheza mpaka azimalize au awamalize wenzake. Aliyefilisika ametoka. Isitoshe, dau la lazima hupanda kila baada ya muda maalumu, kwa hiyo anayekaa tu akisubiri karata nzuri hutafunwa polepole kama jiwe la chumvi mvuani.

Malipo nayo ni ya wachache. Katika shindano kuu, takriban asilimia 15 tu ya walioingia hupata chochote. Waliobaki, wakiwemo mabingwa wa zamani, hurudi nyumbani mikono mitupu.

Subira kwanza

Hapo ndipo nidhamu inapoanza. Michanganyiko ya karata mbili za mwanzo ni 1,326, na iliyo bora kuliko yote, yaani ree mbili, huja kwa wastani mara moja katika kila migao 221. Karata nyingi anazopewa mchezaji hazifai, na kazi yake kubwa ni kuzitupa. Anayecheza kila karata kwa kuchoshwa na kungoja huwa amezimaliza sarafu zake kabla ya karata nzuri kumfikia.

Nidhamu pia ni kujua mahali ulipoketi. Anayeamua wa mwisho ameshawaona wenzake wakifanya nini. Anayeamua wa kwanza yumo gizani. Karata zilezile zinazostahili kuchezwa na huyu zinaweza kustahili kutupwa na yule.

Mtihani mgumu zaidi, hata hivyo, huja baada ya kushindwa. Ree mbili zikikabiliana na wafalme wawili, hushinda takriban mara 82 katika kila 100. Maana yake ni kwamba karibu mara moja katika kila tano, aliyefanya kila kitu sawasawa huondoka na hasara. Mwenye hamaki hutaka kulipiza kisasi papo hapo: huweka dau kubwa kwa karata mbovu, akiamini kwamba meza ina deni lake. Waswahili walikwishasema, hasira hasara. Karata hazimjui aliyeonewa katika mgao uliopita.

Ndiyo maana wachezaji makini hujifunza kuupima uamuzi wenyewe, wala si matokeo yake. Uamuzi mzuri unaweza kuleta hasara, na wa kipumbavu ukaleta faida. Anayechanganya mambo haya mawili huishia kuyaacha mazuri aliyoyajua na kuyakumbatia makosa yaliyomlipa mara moja.

Hisia hutoka wapi?

Mwaka 2009, wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein walichapisha makala ya pamoja kuhusu suala hili. Klein alikuwa amewachunguza makamanda wa kikosi cha zimamoto wanaoamua kwa sekunde chache, na aliziheshimu hisia za wazoefu. Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alikuwa na mashaka nazo.

Wawili hao waliafikiana kwamba hisia huaminika pale panapotimia masharti mawili. Kwanza, mazingira yawe na utaratibu unaoweza kujifunzwa. Pili, mtu awe amepata muda wa kutosha wa kujifunza, huku akionyeshwa alipopatia na alipokosea. Poka waliitaja miongoni mwa mambo yenye utaratibu, ingawa mwisho wake haubashiriki kwa uhakika.

Kwa maana hiyo, hisia ya mchezaji mzoefu si uaguzi. Ni kumbukumbu ya maelfu ya migao inayojitokeza kabla haijapata maneno: namna mpinzani alivyoweka madau tangu awamu ya kwanza, kasi ya mkono wake, kiasi alichochagua. Hisia ya mgeni, kwa upande mwingine, mara nyingi ni woga au tamaa iliyovaa kanzu ya hekima.

Njia ya kuzitenganisha ni kuidai hisia ushahidi. Mchezaji anayehisi kwamba anahadaiwa hujiuliza: mpinzani huyu angecheza hivi tangu mwanzo kama kweli angekuwa na karata anazodai kuwa nazo? Hadithi ikiwa na tundu, hisia imepata mhimili. Lakini jibu likiwa ni kuchoka tu kushindwa, heri kuzitupa karata. Wengi pia huandika daftarini walichohisi na kilichotokea, ili baada ya miezi wajue hisia zao zina thamani gani.

Kipaji bila breki

Anayetaka kujua hisia peke yake humfikisha mtu wapi, na aitazame historia ya Stu Ungar. Mzaliwa huyo wa New York alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1980 na tena mwaka 1981, na wengi humhesabu kuwa mwenye kipaji kikubwa kuliko wote waliowahi kuucheza mchezo huo.

Nje ya meza, hakuwa na breki. Dawa za kulevya na kamari ya michezo vilimla kila alichokipata. Mwaka 1997 alilipiwa kiingilio na rafiki yake, akatwaa ubingwa kwa mara ya tatu, na zawadi ya dola milioni moja wakagawana. Mwaka uliofuata alilipiwa tena, lakini kiti chake kilibaki kitupu. Novemba 1998 alikutwa amekufa katika hoteli ya bei nafuu mjini Las Vegas, akiwa na umri wa miaka 45. Fedha za mazishi zilichangwa na marafiki.

Mkasa huo unawapa hoja wanaoupinga mchezo wenyewe. Uislamu umeharamisha kamari, na Oman ni miongoni mwa nchi zinazoipiga marufuku kisheria. Hata pale inaporuhusiwa, nidhamu ya kwanza hutangulia kuketi mezani: kutoingia na fedha ambazo nyumba inazihitaji.

Na Farha je? Kwa karata zilizokuwa mezani, kujitoa hakukuwa upuuzi. Mikono mingi ingeweza kuishinda jozi yake ya tisa. Lakini alikuwa na uzoefu wa miaka mingi, na uzoefu huo ulimpa jibu sahihi, akalitamka kwa kinywa chake mwenyewe kisha asilifuate. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na Farha alisimama, akampa mkono mhasibu wa Tennessee.