Fahamu: Kwa nini kuachiwa kwa Raúl Rivero hakukuwa mwisho wa kesi yake

Mwandishi wa habari anapotoka gerezani, wengi wetu hudhani kesi yake imekwisha. Kwa Raúl Rivero wa Cuba haikuwa hivyo.

Rivero, mshairi na mwandishi aliyezaliwa mwaka 1945, alianzia ndani ya mfumo. Alilitumikia shirika la habari la serikali, Prensa Latina, hata akaliwakilisha mjini Moscow. Mwaka 1991 alitia saini barua ya wasomi waliodai mageuzi na kuachiwa kwa wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1995 akaanzisha Cuba Press, shirika dogo lisilo la serikali.

Je, habari zao zilitokaje wakati magazeti, redio na televisheni vyote vilikuwa mikononi mwa dola? Kwa simu. Mwandishi alisoma taarifa yake, mtu wa nje ya nchi akaiandika, ikachapishwa ugenini. Nyingine zilirudi Cuba kupitia mawimbi ya redio.

Machi 2003 serikali iliwakamata watu 75, wakiwemo waandishi wa habari zaidi ya 25. Iliwaita mamluki wa Marekani. Wao walisema walikuwa wakifanya kazi yao. Kesi zilisikilizwa haraka, na mwezi uliofuata Rivero akahukumiwa miaka 20. Wake wa wafungwa, akiwemo mkewe Blanca Reyes, walianza kuandamana kimya siku za Jumapili jijini Havana, wakiwa wamevaa nguo nyeupe.

Novemba 2004 aliachiwa kwa sababu za kiafya. Hapa ndipo penye fundo: hukumu haikufutwa. Alichopewa ni ruhusa ya kukaa nje ya gereza, na ruhusa ya namna hiyo huweza kuondolewa. Kuandika tena kungeweza kumrudisha ndani. Aprili 2005 aliondoka na familia yake kwenda Uhispania. Alifariki dunia Miami mwaka 2021.

Wenzake wengi waliobaki gerezani waliachiwa mwaka 2010 na 2011, baada ya Kanisa Katoliki kuzungumza na serikali. Wengi walisafirishwa hadi Uhispania. Wachache walikataa kuondoka.

Kwa hiyo, ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba mwandishi fulani ameachiwa, uliza mambo mawili: je, hukumu yake imefutwa? Na je, anaweza kubaki nyumbani na kuandika?