Fimbo Nyeupe Ikinyooshwa, Simama

Matatu ya Msambweni hunishusha Ukunda, upande wa bara. Tuktuk za Diani ziko ng'ambo. Kati yetu imelala barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga, na mimi sioni tangu nikiwa na miaka tisa.

Nasimama ukingoni, fimbo nyeupe mbele, nikisikiliza. Magari ya Lunga Lunga yanatoka kuliani, ya Likoni kushotoni. Lori nalijua kwa mtetemo wa ardhi, matatu kwa muziki wake. Ninachokihofia ni bodaboda inayochomoka ubavuni mwa gari lililokwisha kunipisha.

Madereva wema nao hukosea: hupiga honi. Dereva anamaanisha, "Pita, mama." Mimi nasikia, "Kaa, gari laja." Tena honi hufunika sauti zote nilizokuwa nikizifuata.

Mwaka 1921, James Biggs wa Bristol, Uingereza, aliyepofuka kwa ajali, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamwone. Mwaka 1930 mji wa Peoria, Marekani, ukatunga sheria: mwenye fimbo hiyo apishwe. Sasa 15 Oktoba ni siku ya fimbo nyeupe.

Hapa Kenya, kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya kufika kila mahali na kutumia usafiri wa umma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilitaja barabara waziwazi. Mwaka 2025 ikapokelewa na sheria mpya. Sheria ya Trafiki nayo inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa mijini. Kwangu mwendo huo ni uhai: nausikia mlio mapema, nami nawahi kurudi nyuma.

Basi dereva, ukiona fimbo nyeupe imenyooshwa, simama kabisa. Acha injini ingurume nijue ulipo, na honi iache. Nawe mpita njia, usinivute mkono. Niulize kwanza, kisha nipe kiwiko chako nikishike.

Yuko kijana mmoja wa bodaboda pale steji. Huikingamisha pikipiki yake barabarani, akaniambia, "Shikamoo mama. Nimesimama, na nyuma yangu wamesimama."

Namwitikia marahaba, kisha navuka.