Amri ya Kufungasha katika Zana za Ujenzi wa Programu: Pengo kati ya Kinachokaguliwa na Kinachosambazwa

Utangulizi

Makala haya yanafafanua amri moja ndogo ambayo washauri wa sera hawaioni kwa kawaida, na ambayo waandaaji wengi wa programu huiongeza dakika za mwisho: amri ya kufungasha. Tangu Stuart Feldman alipoandika Make katika Maabara ya Bell mwaka 1976, kazi ya msingi ya zana ya ujenzi imekuwa kugeuza msimbo chanzo kuwa programu inayotumika, huku ikijenga upya sehemu zilizobadilika tu. Amri ya kufungasha ina kazi tofauti. Hukusanya mafaili yanayohitajika, huyatia katika kifurushi kimoja kilichobanwa, hukipa kifurushi hicho namba ya toleo, na hivyo kukiweka tayari kwa mtu ambaye hakushiriki katika uandishi wake. Hoja yetu ni kwamba hapo ndipo kinachokaguliwa na kinachosambazwa huweza kutengana. Kwa sababu hiyo, muundo wa amri hiyo ni suala la usalama wa umma pia.

Kutoka mazoea hadi amri

Pasipo na amri pana mazoea. Mtu hunakili saraka yake ya kazi, hufuta anachokumbuka kufuta, kisha hubana kilichosalia. Faili moja likisahauliwa, mpokeaji hawezi kujenga programu. Na faili lenye nywila za hifadhidata likisahauliwa ndani, husafiri pamoja na msimbo hadi kwa kila mpokeaji.

Miongozo ya uandishi wa msimbo ya mradi wa GNU iliitaja `dist` miongoni mwa amri ambazo kila programu inapaswa kuwa nazo. Zana ya Automake huiunda yenyewe, pamoja na nyingine iliyo kali zaidi, `distcheck`. Hii haiishii kwenye kufungasha. Hukifungua kifurushi ilichokiunda, huifanya saraka ya msimbo isiandikike, hujenga programu katika saraka nyingine, huendesha majaribio, husakinisha mahali pa muda na kuondoa kilichosakinishwa, kisha hujaribu kufungasha tena kutoka ndani ya kifurushi chenyewe. Kifurushi kilichopungukiwa na faili la lazima hakipiti kirahisi katika chujio hilo.

Cargo, zana ya ujenzi ya lugha ya Rust, imekwenda hatua moja mbele. Amri yake ya `cargo package` hukataa kufungasha iwapo kuna mabadiliko ambayo hayajasajiliwa katika Git, isipokuwa mtumiaji aamuru vinginevyo waziwazi. Aidha, hujenga programu kutoka katika kifurushi kilichofunguliwa ili kukithibitisha, na huweka ndani yake faili dogo linalotaja heshi ya rekodi ya Git ambako msimbo umetoka. Hili la mwisho tunaliona kuwa la maana kuliko mengine. Heshi hiyo yenyewe ni dai tu, lakini ni dai ambalo mtu wa nje anaweza kulichunguza.

Funzo la XZ Utils

Mnamo Machi 2024, mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia katika mashine kwa njia ya SSH kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Ufuatiliaji wake ulimfikisha kwenye XZ Utils, programu ya kubana data iliyoenea sana katika mifumo ya Linux. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa nyuma. Sehemu moja ya shambulio ilifichwa katika mafaili ya majaribio yaliyokuwamo kwenye hazina ya msimbo, mbele ya macho ya kila mtu. Lakini maelekezo yaliyoiamsha, ndani ya faili `build-to-host.m4`, yalikuwamo katika vifurushi vya toleo pekee. Aliyesoma hazina hakuyaona.

Kwa nini tofauti hiyo haikushtua? Kwa sababu katika utamaduni wa Automake tofauti ni jambo la kawaida: kifurushi hubeba mafaili yaliyozalishwa na mashine, kama vile `configure`, yenye maelfu ya mistari ambayo ni nadra kusomwa. Nayo `distcheck` isingesaidia. Hupima kama kifurushi kimekamilika. Haiulizi kama yaliyomo yanalingana na hazina. Isitoshe, mfungashaji mwenyewe alikuwa na mamlaka halali ya kutoa toleo.

Ufungashaji unaoweza kurudiwa

Dawa inayopendekezwa ni kwamba mtu yeyote, akianzia kwenye rekodi ileile ya Git, aweze kuunda kifurushi kilekile, baiti kwa baiti. Jambo hili ni gumu kuliko linavyosikika. Mpangilio wa mafaili hutegemea diski, muda wa kila faili hutegemea saa ya mashine, na jina la mmiliki hutegemea aliyeketi mbele ya kompyuta. Hivyo basi, amri iliyoundwa vyema huyapanga mafaili kwa majina, huweka muda mmoja uliochukuliwa kutoka kwenye kigeu cha `SOURCE_DATE_EPOCH`, hufanya namba ya mmiliki kuwa sifuri, na huiambia `gzip` isiandike muda wake. Hata hapo kuna mtego. Mnamo Januari 2023, GitHub ilipopokea toleo jipya la Git lililobadilisha njia ya kubana, heshi za vifurushi vingi zilibadilika ingawa yaliyomo yalikuwa yaleyale. Ujenzi wa programu nyingi ulikwama, na badiliko likarudishwa nyuma. Ndiyo maana tunashauri heshi ya kifurushi kabla ya kubanwa itunzwe pia.

Athari kwa mikataba ya umma

Taasisi inayonunua programu mara nyingi hudai ikabidhiwe msimbo chanzo, ikadhani imejilinda. Sharti hilo halitoshi. Mkataba utaje kwamba amri ya kufungasha iwe sehemu ya mradi wenyewe, na kwamba vitegemezi vyote viwemo ili ujenzi uwezekane bila intaneti, jambo lenye uzito pale mtandao unapokatika mara kwa mara. Fundi wa taasisi aiendeshe amri hiyo kwenye mashine yake na kulinganisha heshi na ile ya mkandarasi. Zikitofautiana, mapokezi yasimame hadi kila tofauti ielezwe kwa maandishi, faili kwa faili.