Meli Iliyobeba Jina la Mto Wetu

Hadithi, hadithi! Itikieni "hadithi njoo", halafu mkomee hapo hapo. Ule uongo tunaoukaribisha siku zote leo ubaki nje, kwa sababu haya nitakayowasimulia yametokea kweli, na kipande chake kimoja kilipita hapa jirani, kwenye reli ya upande wa Soga na Ruvu.

Chanzo ni wapwa zangu wawili. Mkubwa yuko kidato cha tatu, mdogo darasa la sita. Likizo hii wamekuja kwangu Mlandizi wakakuta kompyuta yenye gemu la anga liitwalo Elite Dangerous. Humo wewe ni rubani. Unapewa chombo kidogo kiitwacho Sidewinder, bure, na mbele yako kuna nyota nyingi ajabu. Ukitaka kuzitembelea zote, maisha yako na ya wajukuu zako hayatatosha. Unabeba mizigo, unachimba madini kwenye miamba inayoelea, unapigana na maharamia, unalipwa. Ukilipwa vya kutosha unanunua chombo kikubwa zaidi.

Mkubwa hakupumzika. Alikusanya, akauza, akakusanya tena, mpaka akainunua Anaconda, dude la mita zaidi ya 150 lenye silaha juu na chini. Sidewinder ya mdogo wake ina kama mita 15 tu. "Chako hicho ni bajaji," akamwambia. Mdogo hakujibu, ila machozi yalimlengalenga.

Kesho yake mkubwa akachukua kazi ya kupeleka dawa kwenye kituo kidogo cha pembezoni. Alifika, akaomba ruhusa ya kutua, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Vituo vile vina majukwaa ya vyombo vidogo na vya kati; la kuitosha Anaconda halipo. Nikamwona anakizunguka kituo kama kunguru anayezunguka sinia lililofunikwa kawa. Mdogo naye alikuwa na kazi ya kituo hicho hicho. Akateremka taratibu na vidawa vyake vichache, miguu ya chombo ikagusa chini, taa zikawaka.

"Gemu limekosea, Mjomba," mkubwa akalalamika.

"Halijakosea hata kidogo. Hebu njooni nje."

Tukakaa chini ya mwembe. Nikaanza na jambo walilolishuhudia wenyewe Jumapili iliyopita. Semitrela iliacha Barabara ya Morogoro ikaingia mtaani kushusha saruji. Kwenye kona ya duka la nafaka ikakwama: tela limelalia mtaro, kichwa karibu kiguse nguzo ya umeme. Utingo anaruka huku na huku, anapiga bodi kwa kiganja, "lete, lete, lete, hooo!" Dereva anarudi nusu mita, anasogea nusu mita, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Muda wote huo bodaboda wanapita chini ya kioo chake cha pembeni, mmoja na kreti nne za soda, mwingine na mama, mtoto na kuku. Injini ya ile semitrela ingeweza kuzivuta bodaboda zote za mtaa ule kwa pamoja. Pale konani nguvu yote hiyo haikuwa na pa kwenda.

"Basi jambo hilo hilo," nikasema, "liliwahi kuikuta manowari, mkoa wetu huu huu wa Pwani."

Manowari hiyo ya Wajerumani iliitwa Königsberg. Iliingia Dar es Salaam Juni 1914, urefu wake kama mita 115, mizinga mikubwa kumi. Miezi miwili baadaye Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ikatokea mbele ya Unguja na kuikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga, boila zake zikitengenezwa. Mizinga ya Pegasus haikuweza kuifikia Königsberg. Ya Königsberg iliifikia Pegasus vizuri sana. Ikaizamisha. Baadhi ya mabaharia waliokufa siku ile wamezikwa kisiwani Chapwani, ng'ambo kidogo ya Mji Mkongwe.

"Unaona!" mkubwa akadakia. "Kubwa ndiyo kubwa."

Nikamwambia asubiri, maana dude kama lile lina njaa. Königsberg ilikula makaa ya mawe, na makaa yalikuwa adimu. Kisha mashine zake nazo zikaharibika. Ikabidi ijifiche delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, ambako mto unagawanyika vijito vingi kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Karakana ya kutengeneza boila ilikuwa Dar es Salaam. Kwa hiyo vipande vya boila vilifunguliwa, vikakokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikakokotwa tena kurudi. Waliokokota ni Waafrika, wazee wetu, jua na matope, kwa vita ambavyo hakuna aliyewauliza kama wanavitaka. Nikisimulia habari za meli hizi huwa sipendi kupita hapo haraka. Vitabu vingi vina majina ya manahodha; hao waliovuta kamba hawatajwi.

Waingereza waliigundua Oktoba mwishoni. Wakazamisha meli chakavu kwenye mlango wa mto ili isitoke. Lakini na wao hawakuweza kuifuata ndani, kwa sababu meli zao kubwa zilihitaji maji ya kina, na delta ina matope, mafungu ya mchanga na maji yanayojaa na kupwa. Meli za taifa lililojivunia kutawala bahari zikabaki nje zikizunguka, kama nani?

"Kama Kaka," mdogo akasema polepole, na mkubwa akamkata jicho.

Ndipo Waingereza wakaagiza meli mbili ambazo ukiziona kwenye picha unaweza kuzidhania ni matishari: Severn na Mersey. Zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya Brazili, za kupita mitoni. Bapa, fupi kuliko Königsberg, za mwendo wa pole, na baharini mawimbi yakichafuka hazifai kabisa. Zilifungwa kamba zikavutwa na meli nyingine kutoka Malta, kupitia Suez, mpaka Mafia. Ila chini zilizama maji yasiyofika mita 2, wakati Königsberg ilihitaji zaidi ya mita 5. Nazo hazikuwa dhaifu, msinielewe vibaya. Kila moja ilibeba mizinga minene kuliko ya Königsberg. Tofauti ni kwamba zilijengwa kwa maji ya namna ile. Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia mtoni, zikapigwa, zikarudi nyuma. Tarehe 11 Julai zikaingia tena, ndege zikiruka juu kuwaonyesha wapigaji risasi zinaangukia wapi, na safari hii Königsberg iliwaka moto. Nahodha wake, Max Looff, akiwa amejeruhiwa, akaamuru waizamishe wenyewe pale pale.

Mizinga yake iliopolewa matopeni, ikapigana nchi kavu miaka iliyofuata. Mmoja mnaweza kwenda kuushika kwa mkono pale Ngome ya Yesu, Mombasa. Mwingine ulipakiwa kwenye treni Dar es Salaam kwenda Kigoma. Treni ya Kigoma inapita wapi, wanangu? Inapanda vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, inashuka Soga, inafika Ruvu. Mzinga ule ulipita hapa nyuma yetu.

Ulikuwa unaifuata meli iliyotangulia kwa njia hiyo hiyo. Wajerumani walijenga meli kubwa kwao Papenburg, wakaifungua yote, wakaipanga kwenye masanduku 5,000, wakaileta Dar es Salaam na kuipandisha reli kuelekea Ziwa Tanganyika. Hebu fikirini behewa baada ya behewa, meli nzima katika vipande. Kigoma wakaiunga upya, ikaingia majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ndefu karibu mita 70. Ndani ya ziwa lile hapakuwa na cha kuifikia. Pamoja nayo kulikuwa na mbili ndogo za Kijerumani, Hedwig von Wissmann na Kingani.

Hapo nikanyamaza, nikawaacha walitafune jina hilo. Kingani ndilo jina la zamani la mto Ruvu, mto huu tunaouvuka kwa daraja tukielekea Chalinze. Jina la maji yetu lilikuwa linaelea Tanganyika likiwa na mzinga.

Waingereza walijibu kwa vimashua viwili vya injini vya mita 12 kila kimoja, vyenye majina Mimi na Toutou. Wapwa zangu walicheka sana kwa hilo la Mimi. Halihusiani na mimi wala wewe. Kwa Kifaransa cha watoto Mimi ni paka na Toutou ni mbwa. Vilisafiri kwa meli kutoka Uingereza hadi Cape Town, kwa treni hadi Katanga, kisha zaidi ya kilomita 200 za porini na milimani, vikivutwa na matrekta ya mvuke na maksai, watu wakikata njia na kujenga madaraja mbele yake, wanawake wa vijijini wakichota maji ya kunywesha boila za matrekta. Halafu reli tena, mto Lualaba, reli tena, hadi ziwani, mahali panapoitwa leo Kalemie.

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 1915, Kingani ikatokea. Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo gemu lenu lilipo. Mabaharia wa kwetu huita mbele ya chombo omo, nyuma tezi. Kingani ilikuwa na mzinga mmoja, omoni, na uliweza kupiga mbele tu. Mimi na Toutou zilikuwa na mwendo mkali kuliko yeye. Zikakaa nyuma. Kingani ikijaribu kugeuka ili iwaone, nazo zimeshahama. Ikinyoosha kukimbia, ziko tezini zinapiga. Nahodha wake aliuawa na meli ikatekwa muda si mrefu, ikakarabatiwa, ikapewa jina jipya, Fifi.

Tarehe 9 Februari 1916 ikawa zamu ya Hedwig. Mimi na Fifi zikaifukuza. Fifi, yenye mzinga mkubwa zaidi, ilikuwa inaachwa. Mimi ikachomoka mbele na kuanza kuidonoadonoa Hedwig kwa nyuma. Risasi zake hazikupata kitu. Lakini Hedwig ilivyochoka kudonolewa ikageuka kuikabili, zikawa zinazungukana kama majogoo, na katika kuzungukana huko Fifi ikafika. Hedwig ikazama. Mimi haikuigusa hata kwa risasi moja, na bila Mimi isingezama.

"Mjomba," mkubwa akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya kubisha, "na ile kubwa, Götzen, ilipokuja?"

Swali la maana kuliko yote. Götzen ilikuja kesho yake, ikipita taratibu kuwatafuta wenzake. Mkuu wa vimashua, Geoffrey Spicer-Simson, alikataa kwenda kupigana nayo. Wapo waliomsema. Namwona alifanya sawa siku hiyo, kwa sababu mzinga mmoja wa Götzen ungekipasua kimashua cha mbao kabla hakijafika karibu. Anayeendesha chombo kidogo lazima ajue lini aondoke, tena aondoke mapema. Götzen haikuzamishwa na adui. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wakiondoka Kigoma, mashine zake wakazipaka grisi nzito zisile kutu. Iliibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

"Kwa hiyo niiuze Anaconda?"

Sikumwambia aiuze. Nilimweleza ninachokiamini, na nawaeleza na ninyi. Ukiwa na chombo kinachoshinda kila pambano kwa unene wa ngao zake, unaacha kutazama. Hujui adui amekaa upande gani, hujui chombo chako kinapinda vipi, unabonyeza tu. Muda wote aliocheza na Anaconda hakujifunza kitu ambacho mdogo wake alikuwa hakijui. Tena Anaconda ikilipuliwa, bima ya mle inakudai sehemu moja ya ishirini ya bei yake, mamilioni, na usipokuwa nayo unarudishwa kwenye Sidewinder. Kwa hiyo alikuwa anaogopa. Nilimwona akikwepa kila lililoonekana gumu. Mdogo alikuwa amelipuliwa mara tano na kila mara alipewa chombo kingine bila malipo, akarudi kuulizia kosa lake.

Giza lilipoingia waliwasha tena kompyuta. Mkubwa akaiacha Anaconda kwenye gati lake, akanunua Eagle, kichombo chepesi cha bei ya chini kinachopinda kama mbayuwayu. Mara ya kwanza haramia alimlipua nikiwa sijamaliza chai yangu. Mara ya pili alidumu zaidi. Mdogo alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono begani kwa kaka yake, akimnong'oneza: punguza mwendo, usimkaribie mbele, subiri ageuke.

Nilikuwa jikoni nikiosha kikombe niliposikia kelele. Haramia alikuwa amekuja na Anaconda.

"Mjomba, njoo uone!" mkubwa alipiga kelele. "Niko tezini! Niko tezini kwake!"